Milimita na Mlango wa Mita Moja

Mwalimu wa michoro pale chuoni tulimwita Milimita, kwa sababu mstari wako ukizidi milimita moja alikukata alama, na ukibisha alikukata nyingine. Jina alilijua, na aliliitikia. Mimi ni fundi wa kompyuta wa chuo, na nakiri nilimsema vibaya mzee huyu kwa majuma matatu mazima.

Mkuu alimpa kazi moja tu: achague programu ya kuchorea majengo watakayofundishiwa wanafunzi, kabla leseni ya zamani haijaisha mwisho wa mwezi. Zilikuwa mbili mezani. Ile ya zamani ililetwa chuoni na binti yake, aliyefundisha naye hadi alipofariki miaka miwili iliyopita. Ni nzuri, lakini nzito. Kompyuta zetu kumi na mbili zilikuwa zinahema kwa kuifungua tu, huku wanafunzi arobaini wamepanga foleni. Ya pili ni ya bure, nyepesi, na mwanafunzi angeweza kuiweka hata kwenye kompyuta kuukuu nyumbani kwao. Jambo lenyewe halikuhitaji kupigiwa ramli, lakini Milimita akawa anapiga danadana.

"Mwalimu, chagua basi! Watoto wa watu wanasubiri," nilimfokea siku moja.

Akavua miwani. "Fundi, mchoro wa nyumba yangu alionichorea marehemu unafunguka kwenye ile tu. Ikiondoka, atakuwa amenifia mara ya pili."

Niliona haya. Nikajaribu kuuhamishia kwenye programu mpya. Kuta zikaja zimetawanyika, vipimo vimepotea. Milimita akautazama, kisha akakaa akamwandikia mkuu barua: tuchukue ya bure, ili hata asiye na kompyuta ya maana ajifunze.

Siku ya mwisho ya leseni alikuja na ubao wake wa kuchorea, rula ya T na penseli tatu zilizochongwa vizuri. Nilimwambia tuuchape tu, akakataa; alitaka aupitie mstari kwa mstari kwa mkono wake. Mimi nisome vipimo kwenye skrini, yeye anakili kwa mkono. Tulikwenda sawa mpaka chumba cha kulala.

"Mlango, mita moja," nikasoma.

Penseli ikasimama. "Hapo tuligombana. Nilipiga kalamu nyekundu: mlango wa chumbani ni sentimita sabini na tano, umekosea. Akacheka tu, akasema, 'Baba, uache hivyo hivyo.' Alipofariki, nikajenga kwa kipimo changu."

Nyumba ile naijua. Mkewe sasa yuko kwenye kiti cha magurudumu, na kila asubuhi mzee humbeba mikononi kumtoa chumbani, kwa kuwa kiti hakipiti mlangoni.

Ndipo nikaona kwamba mchoro ulikuwa na tabaka moja lililozimwa, yaani sehemu isiyoonekana wala kuchapwa mpaka uiwashe. Yeye ni mtu wa karatasi. Alichokijua ni kile kilichotoka kwenye printa. Nikaliwasha. Kando ya mlango pakatokea duara, na maneno madogo: "Kiti cha mama kigeuke hapa. Daktari amesema miguu haitapona. Baba asiambiwe kwanza, mama ameomba."

Alisoma. Akasoma tena. Halafu yule mzee aliyewaliza wanafunzi kwa miaka thelathini akalia mbele yangu. Alipotulia, akachora mlango. Mita moja, bila kuzidi wala kupungua.

Kesho yake hakuja kazini. Nilimkuta kwake anabomoa fremu ya mlango kwa nyundo, vumbi hadi kwenye kope, mkewe kwenye kiti akimlalamikia.

"Mzee, unabomoaje nyumba aliyotuchorea mtoto?"

"Siyo hii aliyoichora," akasema, bila kuacha kupiga. "Nilimkosoa, mama. Nilimkosoa, na alikuwa sahihi."