Waya Umelala

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, tunamwita Popo kwa sababu riziki yake huitafuta akining'inia. Anafunga visanduku vya intaneti kwenye nguzo za umeme. Sheria yao ni kwamba umeme ukae juu, intaneti ikae chini, na katikati ibaki nafasi ya fundi kufanya kazi bila kubanikwa. Mimi shule niliiacha njiani, lakini hilo nililielewa papo hapo. Yeye ilibidi apelekwe kozi.

Sasa, kwenye nguzo iliyo mbele ya nyumba yangu, fundi aliyemtangulia alikibana kisanduku juu kabisa, karibu kiguse waya wa umeme. Popo akatumwa akishushe. Kazi hiyo haifanywi mpaka umeme ukatwe, kwa hiyo akampigia simu fundi wa umeme, aliyekuwa ndani ya gari mwisho wa mtaa.

"Waya umelala?"

"Umelala. Hata hapa nilipo nauona."

Popo akafunga mkanda, akapanda. Kwa akina Popo, waya uliolala ni ule usio na umeme. Kwa watu wa umeme, ni ule uliolegea ukabonyea katikati. Mtaa mmoja, neno moja, na kila mtu na usingizi wake.

Mimi nilikuwa barazani na redio yangu, sauti nimeiachia ili majirani nao wafaidi. Mkono wa Popo ulikuwa umebakiza kidogo kufika kwenye kisanduku alipotulia ghafla.

"Shemeji, hiyo redio ni ya betri?"

Nikaudhika. Mtu mzima kama mimi, redio ya betri? Nikamwambia hii inakula umeme wa ukutani, tena spika nilichagua mwenyewe.

Alishuka polepole, akaketi chini ameikumbatia nguzo. Alipopiga simu tena aliuliza waziwazi kama umeme umekatwa. Mwenzake akasema bado, alikuwa anangoja aambiwe.

Dada yangu aliposikia alilia, kisha jioni akanipakulia mimi kwanza. Haki yangu.

Siku hizi Popo neno kulala hulitumia kitandani tu. Na miaka yote aliyonisema kwa makelele, sasa hapandi nguzo ya mtaa wetu mpaka redio yangu inyamaze. Mimi mwenyewe ninyamaze, hilo hajaliweza.