Mchanga Chini ya Beseni

Mwaka jana mkuu wa shule moja ya sekondari hapa Bujumbura alinialika niwaeleze wanafunzi wake kazi yangu. Walialikwa pia daktari wa meno na mhandisi wa barabara. Msichana mmoja wa mstari wa nyuma alisimama akauliza, "Mutu anafanya nini ili akuwe mpelelezi?" Nikamjibu kama tangazo la ukutani: maliza masomo, pata diploma, fanya mtihani wa kuingia polisi, uwe na afya na mbio, usiwe na kesi mahakamani, kisha omba kitengo cha upelelezi ungoje. Aliandika yote kwenye daftari. Nilirudi nyumbani nimejikasirikia. Nilimpa orodha ya karatasi tu, na karatasi hizo hata wapelelezi wabovu wanazo. Jibu lenyewe ni hili. Limechelewa, lakini silipunguzi makali.

Aliyenifundisha upelelezi ni mama yangu, na hakujua kwamba ananifundisha. Aliuza ndagala sokoni, wale samaki wadogo wa Tanganyika ambao kwingine huitwa dagaa. Kila nikitoka shule nilikuta beseni likiningoja. Ndagala zake zilianikwa juu ya mchanga wa ufukweni, na mchanga ule hauondoki kwa kupuliza. Unatia maji, unazungusha mkono, unaacha yatulie, unachota ndagala za juu, unamwaga, unaanza upya. Maji matano. Halafu mama alipitisha vidole kwenye kitako cha beseni, kwa ndani, na akigusa chembe moja tu anasema, "Rudia." Aliamini kwamba mteja akitafuna mchanga harudi, na sikuwahi kumshinda kwenye hilo. Niliichukia kazi ile. Vidole vyangu vilinuka hadi darasani, na wenzangu waliziba pua kwa madaha nikipita. Niseme ukweli, nilikwenda polisi ili niikimbie ile harufu.

Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo baba mdogo ndiye aliyekuja kunizuia. Bia ya kwanza aliinywa akiuliza habari za wazima na wagonjwa, kama inavyotakiwa. Ya pili ikamfungua mdomo.

"Nani ataleta mahari ku mutoto mwenye kubeba bunduki?"

Nikamwambia mwanamume anayeogopa askari asijisumbue kuja. Mama aliinamisha kichwa, lakini niliona mabega yake yakitikisika kwa kicheko. Mahari ilikuja baadaye, na katika kuipokea baba mdogo alikaa kiti cha mbele kabisa.

Mafunzo nilimaliza. Nikapangiwa ofisi ya wapelelezi upande wa Kigobe kwa muda wa majaribio, mimi na wanaume watatu na shefu wetu, yaani mkuu wa ofisi. Mwisho wa majaribio shefu huandika ripoti. Ikiwa nzuri unakuwa mpelelezi, ikiwa mbaya unarudi kusimama kwenye kizuizi cha barabarani, jua la saa saba kichwani, ukikagua leseni. Ripoti hiyo ndiyo niliyokuwa nikiiota. Wenzangu walinituma chai, walinituma kutoa nakala, na walipogundua kwamba mwandiko wangu unasomeka wakanikabidhi peve zote. Peve ni karatasi ya maelezo: mtu anasema, mpelelezi anauliza, mwandishi anaandika, na mwishoni kuna maneno yasiyobadilika, kwamba mhusika amesomewa, anashikilia maneno yake na anatia sahihi. Nimeyaandika maneno hayo mpaka kalamu ikawa inakwenda yenyewe.

Wiki mbili kabla ya ripoti yangu, mfanyabiashara mmoja mwenye ghala kule Quartier Industriel, mtaa wa viwanda, alikuja kushtaki. Magunia yake sita ya ndagala yalikuwa yametoweka kati ya ufukwe wa Kajaga na ghalani. Peve yake niliandika mimi. Alijisifu kurasa mbili nzima. Ndagala zake hukaushwa juu ya vichanja vya waya, haziguswi na ardhi, ndiyo maana maduka makubwa yanazigombania. Akatuachia pakiti moja iliyofungwa vizuri ili tuone mali yenyewe ilivyo. Pakiti ikawekwa juu ya kabati la shefu. Mwenzangu mmoja alikuwa ameshaipigia hesabu ya pilipili na ndimu.

Siku ya nane wakamleta mama mmoja. Alitoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Uvira, miaka mingi iliyopita, na alikuwa akiuza ndagala Kajaga. Kwake walikuta magunia mawili, magunia ya mchele yenye picha ya tausi, sawa na yale ya mfanyabiashara. Huo ndio uliokuwa ushahidi wote. Gunia la tausi liko katika kila nyumba ya mji huu. Kwetu tulilitandika chini ya godoro.

"Nilizinunua ku bavuvi, nikazianika mwenyewe," alisema yule mama. "Uliza bamama wote ba pale ufukweni."

Shefu hakuuliza mtu. Aliniangalia akaanza kunisomea la kuandika, kwa Kifaransa: mtuhumiwa anakiri kukutwa na mali ya mlalamikaji. Kalamu ikasimama. Nilingoja aongeze yale aliyoyasema mama, hakuongeza. Nikaandika nilichoambiwa, naona aibu hata leo, mpaka nikafika kwenye maneno yale ya mwisho. Nikamsogezea kidau cha wino atie dole gumba, naye akaninyooshea kidole.

"Dada, unisomee yote. Kwa Kiswahili."

"Umusomee mwisho tu," alisema shefu.

Nikamsomea yote. Nilipofika kwenye neno "anakiri", mama aliingiza mikono yake chini ya mapaja akaikalia, kidole gumba na vyote.

"Apana. Ile si maneno yangu."

Shefu alinigeukia mimi, si yeye. Alisema kidole cha mama kitapatikana tu, kwa sasa niweke sahihi yangu mimi kama mwandishi. Nikasikia sauti inasema apana, na ilikuwa yangu. Shefu hakupiga kelele, alitazama saa yake.

"Uende ukule. Ukirudi, utasaini. Ama ile ripoti yako naiandika leo."

Sikwenda kula. Nilibaki mlangoni mwa chumba cha vielelezo na hasira zimenijaa hadi machoni, kwa sababu nilijua ninachokipoteza, na nilijua pia kwamba sina hoja yoyote zaidi ya kumwamini yule mama. Na kuamini hakuandikwi kwenye peve. Nikaingia. Magunia mawili yalikuwa pale yameegemea ukuta. Mkono uliingia wenyewe, kama ulivyozoea sokoni, ukatoka na ndagala tatu. Nikazitafuna.

Mchanga.

Nilisimama nikitafuna na kucheka peke yangu kama mwehu. Wanaume wanne walikuwa wameyaangalia magunia yale tangu asubuhi. Wote wanakula ndagala tangu walipoota meno, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuziosha. Kwao ndagala hutokea kwenye sahani, imeshakaangwa na kitunguu. Kama dada zao au wake zao wangekaa ofisini mle dakika tano, yule mama angekuwa ameshafika kwake.

Nilimwomba mama anayesafisha ofisi mabeseni mawili meupe na ndoo ya maji. Shefu aliporudi na wenzangu, na mfanyabiashara nyuma yao amekuja kuchukua magunia "yake", walinikuta nimeyapanga mabeseni juu ya meza ya shefu. Yule mama alikuwa kwenye benchi lake.

"Sasa unapika mu biro yangu?" aliuliza shefu.

"Apana, shefu. Ninapeleleza."

Nilifungua pakiti ya mfanyabiashara mbele ya macho yake nikamimina kwenye beseni la kwanza. Kutoka kwenye gunia nikamimina kwenye la pili. Nikatia maji, nikazungusha, nikaacha yatulie. Beseni la kwanza lilikuwa na magamba mawili matatu tu. Kwenye kitako cha beseni la pili lilitanda tabaka la mchanga, hata kipofu angeligusa.

Shefu hakuwa mjinga, nimpe haki yake. Alisema labda mama alizimwaga chini makusudi ili kuficha alama. Nikamwambia ndagala kavu ikimwagwa chini, mchanga wake unatoka na maji ya kwanza. Iliyoanikwa mbichi juu ya mchanga inashikana nao ngozini na kukauka nao. Nikamwaga maji, nikatia mengine. Mchanga. Nikamwaga tena. Maji ya tatu, mchanga. Nilifanya polepole, na sikufanya hivyo kwa ajili ya upelelezi peke yake. Nilitaka wangoje.

"Na wewe, mzee, unasemaje?" nilimuuliza mfanyabiashara. "Hizi ni zako?"

Hapo ndipo nilipomshika. Akisema ni zake anapata magunia mawili, lakini amekubali mbele ya mashahidi watano kwamba anayauzia maduka makubwa mchanga. Niliona jasho likimtoka juu ya mdomo. Alichovya kidole katika beseni la pili, akakisugua na gumba, akaruka nyuma kama aliyetukanwa.

"Mi siuzishake muchanga! Ndagala yangu haigusake chini! Hii si yangu, hata kidogo!"

"Rudia," nilimwambia, "nikuandike."

Akarudia. Nikaandika neno kwa neno, nikamsomea, akashikilia na kutia sahihi. Ile peve ya asubuhi shefu aliikunja mara nne akaitia mfukoni.

Mama aliambiwa aende. Hakwenda. Alisema hatoki bila magunia yake, na magunia yakaletwa. Kisha akaja mezani, akamwaga maji ya beseni la pili dirishani, akazikusanya ndagala zile zilizolowa kwenye kitenge chake, hakuacha hata moja. Shefu alimwambia zitaharibika.

"Zitaanikwa tena," alijibu. "Ziko na muchanga, ndiyo. Lakini ziko zangu."

Kwangu alitikisa kichwa tu. Hakunishukuru, na hakuwa na la kunishukuru. Asubuhi ile ile mimi ndiye niliyeliandika lile neno. Sijasahau hilo, na siku hizi kijana yeyote anayeandika chini yangu namwambia kabla hajashika kalamu: mtu akisema mbuzi, usiandike ng'ombe kwa sababu shefu anapenda ng'ombe.

Jioni mama yangu alinusa vidole vyangu nilipompa mkono. Akauliza kama polisi wameniachisha kazi nikarudi sokoni. Nilimsimulia, akacheka mpaka akashika kiuno, kisha akauliza swali moja tu: nilitia maji mangapi. Nikasema matatu. "Mawili ulimwibia yule mama," akasema, na alimaanisha hivyo.

Ripoti yangu ilinipeleka kwenye kizuizi mwaka mzima. Nilisimama juani, nikakagua leseni, midomo ikapasuka. Nafasi zilipotangazwa tena niliomba tena, na shefu mwingine akanichukua. Kwa hiyo msichana wa mstari wa nyuma asije akadhani mambo huisha vizuri siku hiyo hiyo. Nilichokitaka nilikipoteza, kisha nikakirudia. Diploma utaihitaji, mwanangu, na mbio pia. Lakini ile kazi ya nyumbani unayoionea haya usiiache mlangoni unapoingia polisi. Ingia nayo.

Ripoti yenyewe ninayo nakala. Shefu yule wa kwanza aliniita asubuhi iliyofuata siku ile ya mabeseni, akaisukuma mezani, pale pale penye alama ya duara ya beseni, ambayo haikufutika vizuri. Nidhamu: dhaifu. Utii: dhaifu. Na chini, kwa mkono wake, sentensi moja: "Ni mkaidi, habadilishi neno hata akiamriwa na mkubwa wake." Alinipa kalamu. Akasema kama nina malalamiko niandike, kuna nafasi.

Nilisoma mara mbili. Halafu kwenye ile nafasi niliandika kwa ule mwandiko wangu unaosomeka: "Nimesomewa. Ninashikilia na kutia sahihi."