Maji ya Kuoshea Gari

Muuzaji amenifungulia mlango wa gari, na harufu ya viti vya ngozi imenipiga puani. Ni ile ile ya utotoni.

Kule Newala, kiangazi kikiwa kimekaza, tuliletewa gari jeusi la kifahari kutoka Masasi ili baba alikague kabla ya kulinunua. Alikagua viti tu. Alikaa ndani akivipapasa kama shavu la mtoto mchanga. Ili rangi ionekane vizuri, alikuwa amemfungulia mwenye gari kisima chetu cha maji ya mvua, maji ambayo sisi watoto tulinawia uso kwa kikombe.

Mama alirudi kutoka kwenye mikorosho akakuta matope uani.

"Shikamoo, mama," mwenye gari alisema.

Mama alimpita. Alifunika kisima, akatia kufuli, akafunga ufunguo kwenye pindo la kanga yake.

"Mama watoto, njoo ukae kidogo," baba aliita kutoka garini.

"Likitaka kuishi hapa, lijichotee lenyewe."

Mwenye gari aliomba maji kidogo ya rejeta, maana gari lilichemka likipanda mlima.

"Sasa unateremka," mama alimjibu. "Ondoka nalo."

Baba alishuka polepole, akafunga mlango. Gari likateremka kurudi Masasi.

"Umelipenda, bosi?" muuzaji ananiuliza.

Gari linang'aa. Nainama; chini ya matairi udongo bado umelowa.

"Mmelioshea maji ya nani?"