Ujumbe wa Nduku Umefika

Wenye blogu wana desturi yao. Mwaka ukiisha huketi wakajisifu mbele za watu: nimefanya hili, nimejifunza lile. Urbanus Mutinda alikuwa na mwaka mzima wa kujisifia, lakini Desemba hiyo ya 2009 alirudi kwao Muthetheni na laptopu begani na uso wa mtu aliyetafuna mwarobaini. Siku ya pili mfululizo aliketi ukumbini kwa mamake akiukodolea macho ukurasa mtupu.

Kazi yake ilikuwa kuandika programu za kompyuta, katika chumba kidogo juu ya duka la mbao mjini Machakos. Wateja wake walikuwa shule na zahanati, watu wa kusumbua na kusahau shukrani. Programu aliyoipenda ni ile ya bure aliyowatengenezea watu wa kwao, akaiita Mwito. Wasomaji wa blogu waliipenda pia. Mmoja wao, Wesley wa Kivaa, alikuwa ameiomba mara tatu kwa ajili ya kikundi chao, na mara tatu Urbanus hakumjibu. Ampe, au amwambie ukweli? Na ukweli wenyewe angeuandikaje?

Kule kwao kuna mwethya. Watu hukusanyika wakachimba matuta shambani kwa huyu leo, kwa yule wiki ijayo, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Kuwaita ilikuwa kazi ya mzee Mutiso. Jioni ya kuamkia mwethya alishika filimbi yake akapita kilima hata kilima, boma kwa boma. Alipiga filimbi, akataja shamba, kisha akasimama pale pale mpaka ajibiwe. Asipojibiwa alisukuma mlango. Kwa Urbanus, kijana wa mjini, huko kulikuwa kupoteza wakati. Mzee wa watu atembee jioni nzima, na simu zimejaa kila nyumba?

Basi akaandika Mwito. Mamake, Mumbua, aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi, alituma ujumbe mmoja tu, nao ukaenda kwa wote. Kwenye kompyuta ya Urbanus kila jina lilijiandika kwa kijani: umefika. Mutiso alishukuriwa kwa sukari na blanketi, akaambiwa apumzike. Urbanus akaandika kwenye blogu kwamba filimbi imestaafu. Watu wakacheka, wakampongeza, naye akavimba kichwa, tusifichane.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini nani huwakumbuka wahenga akiwa anasifiwa?

Nduku alikuwa shangazi yake Urbanus, mjane asiye na mtoto, na nyumba yake ndiyo ilikuwa ya mwisho kabisa kule mgongoni mwa kilima. Kilichomfikisha Mutiso huko ni kazi ya filimbi tu. Mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, Mwito uliita watu shambani. Urbanus aliangalia akiwa Machakos, akaona majina yote ya kijani, la Nduku likiwemo. Kesho yake Nduku hakuonekana. Zamani Mutiso angesema ni mgonjwa, au amesafiri. Sasa hakuna aliyejua, ila walijua kwamba ujumbe ulimfika. Wakasema ni uvivu, wakamtoza faini ya kuku, kama sheria inavyotaka.

Waliokwenda kumchukua huyo kuku ndio waliomkuta. Alikuwa ameanguka kati ya kitanda na meza, na simu iko juu ya meza. Daktari alisema hakufa siku aliyoanguka. Urbanus aliambiwa maneno hayo kwenye mazishi, na tangu hapo hayajamtoka kifuani. Programu yake haikuwa na kosa hata moja. Aliikagua usiku na mchana akitafuta kosa, akalikosa, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Urbanus," mamake aliita kutoka jikoni. "Tuma ile kitu. Kesho tuko shambani kwa kina Linet."

"Mwaitu," Urbanus alimjibu mamake, "mimi nataka kuizima hii programu."

"Uzime, halafu nani atatuita? Mutiso amekaa mpaka miguu imekataa. Kufika choo tu ni taabu."

"Si mtafute mwingine azunguke?"

"Nimeuliza. Kila mtu anasema, kwani simu ni ya nini?" Mumbua alitokea mlangoni akijifuta mikono kwa leso. "Tuma tu, mwanangu. Watu watalala bila kujua."

Akatuma. Majina yakaanza kugeuka kijani, moja baada ya jingine. La Nduku lilikuwa bado pale, kwa sababu kila alipotaka kulifuta aliishia kufunga kompyuta. Alilingoja lishindwe kugeuka. Badala yake kabatini, nyuma ya vikombe vya wageni, kitu kililia mara mbili. Jina likageuka kijani.

Urbanus alimtazama mamake.

"Simu yake huwa naipeleka sokoni kuchajiwa," Mumbua alisema bila kumwangalia. "Sikuweza kuiacha izimike." Akakaa kwenye kiti, akafunika uso kwa leso na kulia. Urbanus naye alilia, kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya hata kaburini.

Jua lilipotua alivuta laptopu. Aliandika habari za Nduku zote, na kuku wa faini akamtia humo. Halafu akafungua barua ya Wesley wa Kivaa.

"Programu nitakupa," alimwandikia. "Ila kwanza niambie: ni nani huwaita sasa, na asipojibiwa huwa anausukuma mlango wa nani?"