Mkwe Aliyezungumza na Mlango

Niliondoka Kitale asubuhi, baada ya kusikia kwamba senge, yaani dada ya baba yangu, anataka kuacha dawa za kifua kikuu kabla hajamaliza. Ugonjwa huohuo ulimchukua mumewe. Niliazimia kumleta kwangu, apende asipende.

Chwele nilipanda bodaboda ya baiskeli. Mwendeshaji aliuliza naenda kwa nani, nikamwambia.

"Mama mkwe ya Wekesa? Huyo hawezi kufa, bana. Wekesa atakataa."

Adhuhuri nilifika Kabuchai, nyumbani kwa senge. Senge alikuwa ameanza kunawiri, na ukaidi nao umerudi. "Mimi nimepona. Hizi dawa zinanichoma tumbo bure."

Mara tukasikia hodi uani. Ndiye Wekesa, mhudumu wa afya wa kijiji, aliyemwoa binti ya senge. Kwetu Wabukusu mkwe haingii kwa mama mkwe wala hamtazami usoni, na kazi ya Wekesa ni kuhakikisha mgonjwa amemeza. Basi alisimama mbali, ametupa mgongo, akasema na mlango.

"Mlango, ambia mama saa ya dawa imefika."

"Mlango, ambia mkwe nimepona."

Nikajitolea kuwapelekea maneno. Senge akanikata, "Wewe kaa. Sisi tumezoea mlango."

Alasiri mvua ya Bungoma ilishuka kwa kishindo. Wekesa hakuondoka. Hata ukingoni mwa paa hakusogea, maana paa lile ni la mama mkwe. Shati lilimganda mwilini. Nilistaajabu mpaka nikasahau chai yangu. Ndani, senge akaketi, akasimama, akaketi tena. Mkwe kunyeshewa uani kwako ni aibu isiyofutika.

"Ati huyu anaenda saa ngapi?"

"Uliza mlango," nikamtania.

Alinikazia macho, kisha akavichukua vidonge, akameza vyote, uso umekunjamana. "Mlango, ambia huyo mtoto wa watu nimemeza! Aende abadilishe nguo, atashikwa na homa."

"Mlango, ambia mgeni aangalie chini ya ulimi."

Niliangalia. Hapakuwa na kitu.

Kesho yake nilirudi Kitale peke yangu. Niliyemfuata nilimwacha kwa hiari, na moyo wangu ulitulia. Kwangu angekula vizuri na kulala pazuri. Lakini siku ambayo angekataa dawa, nani angemsimamia uani? Najijua. Mvua ikianza, mimi ningeingia ndani.