Ciakuthii Kwenye Maporomoko ya Nyahururu

Ciakuthii alikuwa na miaka sitini na tatu, na kwa miaka saba masikio yake yalikuwa yakimpotea polepole. Hakumwambia mtu. Huko Runyenjes, akichuma chai na wenzake, alijifunza kusoma midomo. Mtu akimwita kutoka nyuma, hakuitika, na watu wakasema ana maringo. Hata Karimi, aliyeolewa na ndugu wa marehemu mumewe, alichoka kumsalimia.

Chama chao cha kina mama kilipokodi basi la kwenda Nyahururu kuona maporomoko, Ciakuthii alijiandikisha mapema. Kwenye basi, kiongozi wa safari, mzee mchangamfu aitwaye Muriithi, alisimama mbele akiwa amefunika mdomo kwa kipaza sauti. Ciakuthii hakuambulia neno. Wenzake walipocheka, naye alicheka, lakini alichelewa, na Karimi akamtupia jicho.

Walifika saa sita. Mvua ya Aprili ilikuwa imejaza mto, na maji yalianguka kwa kishindo kilichomeza sauti zote. Muriithi akawaonyesha kwa ishara wasubiri juu, kisha akateremka peke yake kuangalia njia ya kwenda chini. Kina mama wakasimama wakipiga kelele masikioni mwa wenzao, na bado walielewana kwa shida.

Baada ya muda Muriithi alitokea kwenye kona, chini kidogo, akipunga mikono yote miwili.

"Anatuita!" Karimi aliwapigia wenzake kelele, akaanza kushuka. Wawili wakamfuata.

Ciakuthii alimkazia macho Muriithi. Mdomo wake ulikuwa ukirudia maneno yale yale. Alimkimbilia Karimi, akamshika mkono kwa nguvu na kumpigia kelele sikioni.

"Rudi! Anasema udongo umemeguka!"

Karimi alimwekea mdomo karibu na sikio, lakini Ciakuthii akamgeuza uso ili amwone.

"Wewe umesikiaje na sisi hatusikii?"

"Sijasikia. Nimesoma mdomo wake." Akamwachia mkono. "Mimi sisikii, Karimi. Ni miaka saba sasa."

Karimi akawageukia wale wawili na kuwarudisha juu.

Muriithi alipopanda, magoti yote matope, aliwaambia kipande cha njia kilikuwa kimeporomoka na kuacha pengo ambalo mtu hangeliona mpaka alikanyage. Basi wakatazama maji wakiwa juu, kwenye ukuta mfupi wa kuzuia watu wasianguke. Ciakuthii aliuegemea kwa mikono miwili.

"Haya nayo huyasikii?" Karimi aliuliza, safari hii akiwa amemwelekea.

"Nayasikia hapa," Ciakuthii akajibu, akijigusa kifua. Machozi yalikuwa yakimtoka, na hakuyafuta.

Wakati wa kurudi Karimi alikaa kiti kimoja naye. Aliongea akipanua mdomo kama anayeng'olewa jino.

"Ongea kama kawaida," Ciakuthii akasema. "Ukifanya hivyo ndiyo sielewi kabisa."

Wakacheka pamoja. Karibu na Karatina Karimi akamwomba msamaha kwa yote aliyomsema, na Ciakuthii akakiri kwamba yeye ndiye aliyeficha, kwa kuogopa kuitwa kiziwi na kuachwa nyumbani.

Wiki iliyofuata walikwenda hospitali mjini Embu. Daktari alisema sikio la kushoto haliwezi kusaidiwa, ila la kulia linaweza kupata kifaa cha kusaidia kusikia. Kile kifaa humsumbua kwenye upepo, na akienda shambani hukivua. Wachumaji wenzake siku hizi humgusa bega kwanza, halafu ndipo wanaanza kuongea.