Mtoto Niliyemng'ang'ania

Mimi ndiye niliyekataa. Nalisema hilo mwanzoni kabisa kwa sababu siku hizi, tukikaa walimu ofisini na mjadala wa elimu jumuishi ukaanza, wenzangu hunigeukia wakidhani nina msimamo. Sina. Nilikuwa nao, tena mkali, nikautumia kumshikilia mtoto mmoja darasani kwangu karibu miaka miwili.

Alikuwa binti wa kijiji cha Pito, wazazi wake wakulima wa mahindi na ulezi, na alipofika kwangu darasa la pili alikuja na sifa moja: adabu. Kwetu Ufipa mtoto akikutana na mkubwa huchuchumaa na kupiga makofi taratibu. Wengi siku hizi wanakurushia shikamoo huku wanakimbia. Huyu alikuwa anashuka mpaka chini, macho usoni kwako, na hainuki mpaka umemwitikia kwa kichwa. Bibi yake alimsifu, kanisani walimsifu, na mwalimu wa darasa la kwanza aliandika kwenye ripoti kwamba ni mtulivu. Kwamba hasemi tuliliona wote. Tukasema ana aibu, tukasema Kifipa cha nyumbani na Kiswahili cha shule vimemchanganya, vitakaa sawa. Salamu yake ilikuwa kamili, basi hatukutafuta zaidi.

Nilijua siku ya upepo. Mwezi wa saba huku juu upepo hauna simile, na siku hiyo ulilibamiza dirisha kwa kishindo, darasa zima likaruka, chaki ikanidondoka. Yeye aliendelea kuandika. Nikasimama nyuma yake nikapiga meza kwa rula, mara ya kwanza, mara ya pili. Watoto wengine walinitazama kwa hofu, na yeye akachovya kidole mdomoni akafuta kosa kwenye daftari lake.

Hospitali walithibitisha kwamba hasikii kitu. Haikupita muda akaja afisa wa elimu maalumu, akaeleza kwa upole kwamba upande wa pili wa mji kuna kitengo cha watoto viziwi, kina bweni, na nafasi moja ipo. Sasa mimi nilikuwa nimetoka semina ya siku mbili ya elimu jumuishi, nimerudi na daftari jipya na mdomo mrefu. Nilimwambia kwamba kumtenga mtoto ni kumnyanyapaa, kwamba wenzake wanampenda, kwamba mwalimu anayejituma anaweza kumfundisha yeyote. Afisa aliandika, akafunga faili, akasema uamuzi ni wa mzazi.

Mzazi akaja kwangu. Mama yake alikaa ukingoni mwa kiti, kitenge amekikaza, akaniuliza yeye afanye nini. Huyo ndiye mwanawe wa pekee wa kike.

"Mwalimu, wakimlaza huko si atanisahau?"

"Mama, mwache kwangu," nikamwambia. "Huyu ni wangu."

Alishukuru mpaka nikaona aibu, ila aibu tamu, ile ya mtu anayesifiwa.

Nikampa binti dawati la mbele, karibu na binti mmoja hodari, na nikamwagiza huyo hodari amsaidie. Nilisema polepole nikimtazama. Tulipoimba majedwali ya kuzidisha kwa pamoja, sauti za watoto sitini na kitu, naye alichezesha midomo pamoja nao. Madaftari yake yalikuwa safi kuliko ya wote, vema tupu, wino wangu mwekundu kila ukurasa. Mgeni akija shuleni nilimwonyesha yale madaftari kabla hajaniuliza. Nilipanda nao darasa la tatu, nikaomba nipande nao, ili nisimwache.

Kisha yule jirani yake hodari akaugua matubwitubwi, akakosa shule wiki nzima, na katikati ya wiki hiyo nikatoa jaribio la hesabu. Nilipokusanya karatasi nikakuta mbili zina shida. Moja haikuwepo, ya mgonjwa. Nyingine ilikuwepo, na juu yake, kwa mwandiko mzuri sana, kulikuwa na jina la mgonjwa.

Chini ya jina hakukuwa na jibu hata moja. Kulikuwa na tarehe ya wiki iliyopita.

Nilielewa mara moja na sikutaka kuelewa. Siku zote alikuwa ananakili, herufi kwa herufi, hata jina, ambalo sikuwahi kulikagua, na mimi nilikuwa nasahihisha kazi moja mara mbili. Hakuna aliyekuwa amemwonyesha kwamba lile jina lingine, lililoandikwa kwenye jalada la daftari lake kwa mkono wangu, ndilo yeye. Hasira ilinipanda, na nakiri ilimwendea yeye kwanza. Nilimwita mbele, nikamwekea karatasi usoni, nikauliza kwa sauti ya juu hiki ni nini. Alinitazama midomo. Akaona uso umekunjamana. Kisha akachuchumaa pale mbele ya ubao, akanipigia makofi, taratibu, kwa heshima zote, akisubiri niitikie. Lilikuwa jibu pekee alilokuwa nalo kwa mtu mzima. Nilitoka nje nikalia nyuma ya choo cha walimu.

Nafasi ya kitengo ilipatikana tena mwanzo wa muhula. Nilimpeleka pamoja na mama yake. Sitasema tulikuta paradiso. Walilala wawili kitanda kimoja, mwalimu mmoja alikuwa na watoto wa rika zote chumba kimoja, na ng'ambo ya ua wanafunzi wa shule ya kawaida waliwaita bubu mbele yetu. Moyo wangu ulirudi kwenye semina yangu. Lakini mle ndani kila mkono ulikuwa hewani, watoto wanabishana, wanataniana, mmoja anamkatiza mwenzake. Binti yetu alisimama mlangoni akageuza kichwa huku na huku. Sijawahi kumwona akiwa na haraka ya kitu namna ile. Mama yake hakulia mpaka tulipofika barabarani.

Niliyemdhani atakata tamaa hakukata. Kila Jumamosi mama alitembea kutoka Pito mpaka kitengoni, akakaa kwenye dawati dogo, akajifunza ishara pamoja na watoto. Mimi niliahidi kwenda naye. Nilikwenda mara mbili, kisha yakaja masahihisho, kisha ukaja msiba, kisha nikaacha kutaja.

Likizo ya Desemba nilikutana naye sokoni akinunua dagaa. Amenenepa kidogo, anacheka. Akaniambia binti yuko nyumbani, wanaongea mpaka ugali unaungua. Maswali hayaishi, mengine hata yeye anayashindwa.

"Juzi kaniuliza habari zako, mwalimu," akasema. Hakuwa na ubaya wowote. "Anauliza, yule mwalimu wa zamani, siku zote zile, alikuwa anasema nini?"

Nikamuuliza amemjibu nini.

"Nimemwambia sijui, nitakuuliza."

Akasubiri, na mfuko wake wa dagaa mkononi.